Maswali ya Wasomaji: Mnyoo wa Topeni Hujikinga kwa Silaha Gani?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni mvuvi wa mshipi, na chambo changu hukichimba mwenyewe chini ya mikoko ya Mikindani maji yakipwa, hasa siku za bamvua. Majuzi jembe langu lilimkata mnyoo vipande viwili. Kipande cha kichwa nilikitia katika kopo lenye tope na maji ya bahari, kisha nikakisahau. Siku ya tatu nilikikuta kingali hai, kidonda kimejifunga, wala hakina harufu, ilhali samaki niliyemwacha kapuni siku ileile alianza kunuka kabla ya adhuhuri. Tope lile si safi, kwani maji taka ya mji huingia humo. Mnyoo huyu hana hospitali wala dawa, basi anajikingaje? Na je, ni kweli wasemavyo baadhi ya wazee kwamba ute wake ukipakwa kidondani humponya mtu? (Mvuvi, Mikindani)

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu mvuvi. Swali lako ni ndugu wa swali lililomshughulisha daktari mmoja wa Marekani, Michael Zasloff, katika miaka ya 1980. Alikuwa akiwapasua vyura wenye asili ya Afrika kwa ajili ya utafiti wake, akiwashona na kuwarudisha katika tangi la maji yasiyo safi, nao vidonda vyao vikapona bila kutunga usaha. Aliitafuta sababu katika ngozi yao, na mwaka 1987 akatangaza kwamba ameiona: vipande vidogo vya protini vinavyoua bakteria, alivyoviita magainini, jina alilolitoa katika neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Miaka 6 kabla yake, mwaka 1981, kundi la Hans Boman nchini Uswidi lilikuwa limeeleza vipande vya namna hiyohiyo kutoka kwa nondo. Wewe umeona kwa macho yako, katika kopo la chambo, jambo lilelile alilolitazama Zasloff katika tangi lake.

Kwanza tuuangalie ukubwa wa hatari yenyewe. Mililita moja ya maji ya bahari, yaani matone 20 hivi, huwa na bakteria wapatao 1,000,000, na gramu moja ya tope la pwani yaweza kuwa na mamia ya mamilioni. Wengi wao hawamdhuru mtu wala mnyoo, lakini miongoni mwao wamo wanaosubiri mwili uchanike tu wapate kuingia. Mnyoo hulala, hula na hupumua ndani ya tope hilo maisha yake yote. Samaki wako naye alikuwa na kinga ya jinsi hii alipokuwa akiogelea, ila mwili uliokufa hauwezi tena kuitengeneza upya, na bakteria waliokuwa wakizuiliwa kwenye ngozi, matamvua na matumbo yake wakapata nafasi.

Ukimpasua mnyoo wa bahari utaona kwamba baina ya utumbo na ukuta wa mwili wake kuna uwazi uliojaa maji. Ndani ya maji hayo huelea chembe hai zinazofanya kazi inayofanana na ya chembe nyeupe za damu yetu. Jembe lako lilipomkata, misuli ya mahali pale ilijibana ili maji yasimwagike yote, na chembe hizo zikakusanyika penye jeraha, nyingine zikawameza bakteria, nyingine zikashikamana na kuziba. Chembe hizo hubeba silaha, na silaha hiyo ndiyo inayohusu swali lako.

Protini ni mnyororo wa viungo viitwavyo asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Mnyororo ukiwa mfupi, wa shanga 10 hadi 50 hivi, huitwa peptidi. Mwaka 2004 watafiti wa St. Petersburg nchini Urusi walieleza peptidi mbili walizozitoa katika chembe za mnyoo aitwaye Arenicola marina, anayeishi katika mchanga wa fukwe za Ulaya, na ambaye wavuvi wa huko humtia katika ndoana kama ufanyavyo wewe. Walizipa jina la arenisini. Kila moja ina shanga 21, na tofauti baina yao ni shanga moja tu. Mwaka huohuo ilielezwa nchini China peptidi nyingine, perinerini, yenye shanga 51, kutoka kwa mnyoo wa jamii nyingine.

Namna ya kuzipata peptidi hizi yafaa kuelezwa, kwa sababu ndipo mtu huona kwamba si maneno ya kukisia. Maji ya ndani ya mnyoo huzungushwa kwa mashine mpaka chembe zikatuama chini. Chembe hizo husagwa katika asidi hafifu, na mchuzi wake hupitishwa katika bomba jembamba lililoshindiliwa unga maalumu ambao huachilia kila kitu kwa zamu yake. Kila tone linalotoka huwekwa juu ya sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, iliyopandwa bakteria, na agari yenyewe, kwa taarifa yako, hutengenezwa kwa mwani mwekundu. Sahani hulazwa usiku kucha mahali penye joto. Asubuhi bakteria huwa wameota na kuifunika sahani kama ukungu mweupe, isipokuwa mahali lilipowekwa tone lenye silaha: hapo huonekana duara safi, linalopitisha mwanga, ambamo hakuna kilichoota.

Peptidi hizi huuaje? Ngozi ya nje ya bakteria, yaani utando wake, ina chaji hasi ya umeme, na peptidi nyingi za kinga zina shanga zenye chaji chanya, hasa arjinini na lisini; kwa hiyo peptidi huvutwa na bakteria kama chuma na sumaku. Ikishamgusa, ule upande wake unaopenda mafuta huzama katika utando, ambao nao ni wa mafuta, na peptidi nyingi zikizama pamoja utando hulegea na kuvuja. Wewe ni mtu wa bahari, na unajua kwamba dau lililong'oka kalafati halihitaji tundu kubwa ili lizame. Bakteria naye, chumvi zake zikitoka na visivyotakiwa vikiingia, hufa kwa muda mfupi. Chembe za mnyama mwenyewe husalimika kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa uso wa nje wa utando wake hauna chaji hasi kama ile, na pia una kolesteroli inayoukaza.

Hapa pana jambo ambalo kwangu mimi ndilo linalompa mnyoo wa bahari thamani ya pekee, nalo ni chumvi. Peptidi nyingi za wanyama wa nchi kavu hupungua nguvu maji yakiwa na chumvi nyingi, kwa sababu chumvi huzifunika zile chaji na kuukata mvuto niliousimulia. Damu ya binadamu ina chumvi kiasi cha gramu 9 kwa lita, lakini minyoo wengi wa bahari hawana uwezo wa kuyazuia maji yao ya ndani yasilingane na bahari inayowazunguka, ambayo ina gramu 35 hivi kwa lita. Silaha yao ililazimika tangu mwanzo kufanya kazi katika chumvi hiyo. Arenisini imekunjwa mfano wa kibanio cha nywele, na miguu miwili ya kibanio imefungwa pamoja kwa daraja la salfa, hivyo haitepeti ovyo.

Nchini Ufaransa, mwaka 2007, watafiti walieleza peptidi ya mnyoo Nereis diversicolor, anayestahimili tope la midomo ya mito. Waliiita hedistini, ina shanga 22, na baadhi ya shanga hizo zimebandikwa bromini, elementi ambayo kila lita ya maji ya bahari huwa nayo kiasi cha miligramu 65. Inadhaniwa kwamba bromini hiyo huifanya peptidi iwe ngumu kuliwa na vimeng'enya vinavyokatakata protini. Katika maabara hedistini iliwaua bakteria wa Vibrio alginolyticus, ambao ni wa baharini, na pia wale wa Staphylococcus aureus waliokuwa sugu kwa dawa iitwayo methisilini, ambao hutaabisha sana wodi za upasuaji.

Sasa nije kwa wazee, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Usipake ute wa mnyoo kidondani. Peptidi iliyomo ndani ya mnyoo mmoja ni kidogo mno, imezoea kufanya kazi ndani ya mwili wake mwenyewe, na ute unaoushika mkononi umechanganyika na tope lilelile lenye bakteria niliowataja. Wamo jamaa ya Vibrio ambao wakiingia katika jeraha la mtu mwenye kisukari au ugonjwa wa ini huweza kumwua kwa siku chache, na kuna mbegu za pepopunda ambazo hukaa udongoni na topeni miaka mingi. Ukijikata kwa jembe au kwa chaza, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kifunike, uende kituo cha afya ukaulize kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Kikivimba, kikapata joto au kikibadilika rangi, usingoje kesho.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naishi Likoni. Darasani tumefundishwa kwamba mwili hukumbuka ugonjwa uliowahi kuupata, na ndiyo maana ya chanjo. Je, mnyoo naye hukumbuka? Kama hakumbuki, inawezekanaje akaishi bila kinga ya kweli? (Mwanafunzi, Likoni)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kinga uliyofundishwa, ile ya kingamwili na chembe za limfu, wanayo wanyama wenye uti wa mgongo na mataya, kuanzia papa hadi mwanadamu. Mnyoo hana. Lakini nisingependa uiite hiyo peke yake kinga ya kweli. Kinga anayozaliwa nayo mnyama, isiyongoja kufundishwa, ni ya kale zaidi na ndiyo inayofika kwanza, hata kwako wewe. Mwili huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, kutengeneza kingamwili za kutosha dhidi ya mgeni usiyewahi kukutana naye, na katika siku hizo bakteria wanaojigawa kila nusu saa wangekuwa wamekwisha kukumaliza kama hapangekuwa na askari wa zamu.

Elimu ya kinga hii nayo ilianza ufukweni. Mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichukua mwiba wa mti wa waridi akauchomeka katika mwili mwororo, unaopenya nuru, wa kiluwiluwi wa kiti cha pweza. Asubuhi yake aliona kwa darubini chembe zinazotembea zimeuzingira mwiba pande zote. Kwa kazi iliyotokana na hayo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Umeuliza kama mnyoo hukumbuka. Kingamwili zenye kumbukumbu hana, lakini anatambua. Juu ya chembe zake kuna vipokezi vinavyozijua alama ambazo bakteria hawawezi kuzificha, kwa kuwa ni sehemu ya miili yao. Jamii moja ya vipokezi hivyo huitwa Toll. Umuhimu wake katika kinga ulidhihirishwa kwa nzi wa matunda mwaka 1996 na kundi la Jules Hoffmann, naye akapata Nobel mwaka 2011. Binadamu ana vipokezi 10 vya jamii hiyo. Katika jeni za mnyoo mdogo aitwaye Capitella, ambaye jamaa zake hustawi palepale penye tope la maji taka ambapo minyoo wengine hushindwa, vimehesabiwa zaidi ya 100. Tusiharakishe kusema kwamba wingi huo ndio uliomwezesha kukaa penye uchafu, lakini ni idadi inayomlazimisha mtu kumtazama mnyoo kwa heshima. Huyohuyo mwaka 2020 alielezwa kuwa na peptidi yake, kapitelasini, yenye shanga 20 na madaraja mawili ya salfa.

Nawe pia unazo peptidi za namna hii. Chembe nyeupe za damu yako zimejaa defensini; ngozi yako ikichanika hutoa peptidi yenye shanga 37 iitwayo LL-37; na jasho linalokutiririka ukisubiri feri mchana wa kaskazi lina demsidini, peptidi iliyoelezwa mwaka 2001, ambayo kama ile ya mnyoo haishindwi na chumvi. Utakapomhudumia mgonjwa aliyeungua moto, kumbuka kwamba pamoja na ngozi amepoteza kiwanda cha silaha hizi, na ndiyo sababu mojawapo ya kidonda cha moto kushambuliwa upesi.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha: silaha inayotoboa tando haimdhuru vipi mwenyewe kabla ya wakati wake? Arenisini, kapitelasini na nyingine za minyoo hutengenezwa zikiwa mkia wa protini ndefu, ambayo ndani yake kuna sehemu iitwayo BRICHOS. Sehemu hii inaelekea kuishika peptidi mithili ya ala inavyolishika jambia, na mwishoni vimeng'enya huikata peptidi ikawa huru. Umbo hilohilo la BRICHOS limo pia katika protini ya mapafu yetu ambayo huzaa kiungo kimojawapo cha mafuta yanayozuia vifuko vya hewa visigandamane. Katika mapafu yetu ala hiyo hulinda kitu kingine kabisa.

Tena si lazima kazi ya peptidi iwe kuua kila bakteria anayeonekana. Katika Bahari ya Pasifiki, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, penye chemchemi za maji ya moto, huishi mnyoo Alvinella pompejana, ambaye mgongo wake umevaa bakteria kama manyoya. Peptidi yake, alvinelasini, iliyoelezwa mwaka 2014, huonekana kuwa bawabu: inawazuia wasiotakiwa na kuwaweka wapangaji halali katika mpaka wao.

SWALI: Naishi Mtwapa na nafanya biashara ndogondogo. Nimesikia kwamba minyoo ya bahari inatengenezewa dawa mpya. Dawa hizo zitafika lini, na je, kuna soko la kuikusanya kwa wingi? (Mfanyabiashara, Mtwapa)

JIBU: Haja ya dawa mpya ni kubwa kweli. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee watu 1,270,000 duniani walikufa kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa viuavijasumu, na sisi huuongeza usugu huo kila tunaponunua vidonge viwili vitatu dukani bila kupimwa, kisha tukaviacha homa ikipoa. Hata hivyo, njia kutoka sahani ya agari hadi kitandani mwa mgonjwa ni ndefu. Dawa ya kupaka iliyotokana na zile magainini za chura ilijaribiwa kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha kwa sababu haikuthibitika kuwa bora kuliko zilizokuwapo. Arenisini ya asili ina kasoro yake: hupasua pia chembe nyekundu za damu ya binadamu. Watafiti walibadilisha shanga chache za arenisini nyingine, iitwayo ya tatu, ili kuupunguza ukali huo, na mwaka 2020 ikachapishwa kwamba toleo lao liliwashinda bakteria sugu katika panya waliokuwa na maambukizi ya mapafu na ya njia ya mkojo. Panya si mtu, na kazi ya kupima usalama kwa watu ndiyo inayochukua miaka na fedha nyingi. Bakteria nao hawakai kimya. Kolistini, dawa ya kale ambayo nayo ni peptidi, ilionekana mwaka 2015 nchini China ikishindwa na jeni iitwayo mcr-1, inayopunguza chaji hasi ya ngozi ya bakteria na kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Kuhusu soko, nakushauri usiweke mtaji wako huko. Mnyoo huhitajika mwanzoni tu, wakati wa kuutambua mpangilio wa shanga. Ukishajulikana, peptidi huungwa kwa mashine, au hutengenezwa na bakteria na hamira waliopandikizwa jeni yake. Minyoo wa hori la Mtwapa wana kazi yao ya kulipitisha tope matumboni na kuliingiza hewa, na kaa, ndege na samaki wanaokuja na maji ya kujaa huwala. Mtu akikuahidi bei ya kilo kwa minyoo wa kutengenezea dawa, mwulize kwanza atawafanyia nini, kwa maana maabara inayoujua mpangilio wa shanga 21 haihitaji kilo.